EHCP ya Uingereza: soma Sehemu F kabla ya kitu kingine

Kila muhula shule za Uingereza zinapofunguliwa, swali lilelile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wetu wa Reading, Leicester, Coventry na London: hii EHCP ni kitu gani, na mtoto wangu ataipataje? Kwa ufupi, ni mpango wa kisheria wa kumsaidia mtoto mwenye mahitaji maalumu ya kielimu, lakini kwenye makundi hayo majibu hupishana. Mmoja anasema lazima daktari athibitishe kwanza kuwa mtoto ana usonji. Mwingine anasema ni shule tu yenye haki ya kuomba. Wa tatu anaonya kwamba ukiomba, watu wa ustawi wa jamii watakuja kukubishia hodi. Wa nne anaipigia hesabu kama posho ya kila mwezi. Hakuna hata mmoja kati yao aliye sahihi, na wapo watoto waliopoteza miaka darasani kwa sababu wazazi wao waliamini mojawapo ya majibu hayo.

Tuanze na msingi. Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014 inasema mtoto ana mahitaji maalumu ya kielimu iwapo anapata ugumu wa kujifunza kuliko wengi wa rika lake, au ana ulemavu unaomzuia kufaidi yale ambayo shule za kawaida huwapa watoto wote, na kwa sababu hiyo anahitaji kufundishwa au kusaidiwa kwa namna ya pekee. Hapo hapatajwi jina la ugonjwa wala karatasi ya daktari. Kinachopimwa ni msaada anaouhitaji mtoto ili ajifunze. Ndiyo maana ndani ya maana hiyo wanaingia mtoto mwenye usonji, mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), mwenye uoni hafifu, mwenye kigugumizi kikali, na hata yule anayeshikwa na hofu kubwa kiasi cha kushindwa kuvuka geti la shule.

Msaada wenyewe una ngazi mbili, na mkanganyiko mwingi unatokana na kuzichanganya.

Ngazi ya kwanza iko mikononi mwa shule na huitwa SEN Support. Kila shule ya serikali ina mwalimu mratibu wa mahitaji maalumu, ambaye wote humwita SENCO. Yeye na mwalimu wa darasa huangalia mtoto anakwama wapi, hupanga msaada, huutekeleza, kisha hukaa na mzazi kuona kama umefaa. Haihitaji ruhusa ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa. Fedha hutoka kwenye bajeti ya shule yenyewe, na shule inatarajiwa kubeba takriban pauni 6,000 za kwanza za msaada wa ziada wa mtoto kwa mwaka. Kwa takwimu za Januari 2025, asilimia 14.2 ya wanafunzi wa England walikuwa kwenye ngazi hii.

Ngazi ya pili ndiyo EHCP, yaani Mpango wa Elimu, Afya na Huduma za Jamii. Huu hutolewa na kaunsili ya eneo unaloishi, kwa mtoto ambaye mahitaji yake yamezidi yale ambayo shule inaweza kuyabeba kwa nguvu zake. Unaweza kumhudumia tangu anapozaliwa hadi miaka 25 endapo bado anasoma au yuko kwenye mafunzo, ingawa ukomo wake ni kabla ya chuo kikuu. Januari 2025, asilimia 5.3 ya wanafunzi walikuwa nao. Ninaposema Uingereza hapa ninamaanisha England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria na mipango yao, kwa hiyo ushauri wa shangazi aliyeko Glasgow au Cardiff, hata ukiwa mwema, unaweza kukupoteza.

Jambo hili halikuzuka juzi. Mwaka 1978 kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ilipendekeza mtoto atazamwe kwa mahitaji yake badala ya kubandikwa jina la ulemavu, na sheria ya 1981 ikaleta hati iliyoitwa "statement". Sheria ya 2014 ndiyo iliyoibadilisha hati hiyo kuwa EHCP. Ukikutana na mzee wa mtaani anayesema mwanawe alikuwa na "statement", anazungumzia mtangulizi wa huu.

Mpango unaofungwa kwa maneno

Hati ya EHCP ina sehemu zilizopewa herufi, kuanzia A hadi K. Sehemu A ni sauti ya mtoto na familia: anapenda nini, anaota kuwa nani. B inaeleza mahitaji yake ya kielimu, C ya kiafya, D ya huduma za jamii. E inataja malengo. G na H ni msaada wa afya na wa huduma za jamii. I ni jina au aina ya shule. J inahusu bajeti binafsi pale ilipokubaliwa, na K ni viambatisho vya ripoti za wataalamu. Nimeiruka F kwa makusudi, maana hiyo ndiyo inayonifanya niandike makala haya.

Sehemu F inaandika msaada wa kielimu atakaopewa mtoto. Na Kifungu cha 42 cha sheria kinasema kaunsili lazima ihakikishe msaada huo unatolewa. Wajibu huo ni wa kaunsili yenyewe. Shule ikisema haina fedha au haina mtu, kaunsili bado inadaiwa. Kaunsili nayo ikisema bajeti imekauka, bado inadaiwa. Hapa ndipo EHCP inapotengana na ahadi zote nzuri ambazo mzazi husikia kwenye vikao vya shule.

Lakini deni haliwezi kudaiwa kama kiasi chake hakikuandikwa. Wengi wetu tumewahi kujenga nyumbani tukiwa huku, kwa simu. Ukimwambia fundi "nijengee uzio imara", utajengewa uzio ambao yeye anauona imara. Ukiandika urefu, idadi ya nguzo na mifuko ya saruji, una cha kumshika nacho siku ya kukagua. Sehemu F ni vivyo hivyo.

Chukua mtoto wa miaka saba anayechelewa kuzungumza. Rasimu ya mpango wake inaweza kuja imeandikwa hivi: "Atanufaika na fursa za kupata msaada wa usemi na lugha inapohitajika." Inapendeza kuisoma. Sasa jiulize ni nani atakayempa, kwa dakika ngapi, mara ngapi, na nani atakayeamua kwamba sasa inahitajika. Hakuna jibu, na mwaka ukiisha bila mtoto kuonana na mtaalamu hata mara moja, kaunsili inaweza kusema haikuvunja chochote. Linganisha na hii: "Atapata tiba ya usemi na lugha kutoka kwa mtaalamu aliyesajiliwa, wakiwa wawili tu, dakika 45 kila wiki ya masomo, na kila nusu muhula mtaalamu huyo atatumia dakika 30 kumwelekeza msaidizi wa darasani jinsi ya kuendeleza mazoezi." Hiyo inadaika.

Rasimu inapokufikia, chukua kalamu upigie mstari kila penye "access to", "opportunities for", "would benefit from" na "as appropriate", yaani "kufikia", "fursa za", "atanufaika na" na "inapofaa". Maneno haya ya Kiingereza ni laini, na Sehemu F haihitaji ulaini. Halafu fungua ripoti za wataalamu zilizo kwenye K. Kila mahitaji waliyoyataja yawe kwenye B, na kila hitaji lililo kwenye B liwe na msaada wake kwenye F. Penye hitaji lisilo na msaada, pana pengo, na hilo ndilo la kuandika kwenye maoni yako. Sheria inakupa angalau siku 15 kutoa maoni juu ya rasimu. Usisaini haraka kwa sababu umechoka kusubiri.

Jambo moja zaidi kuhusu herufi hizi. Tiba ya usemi mara nyingi huwekwa kwenye G, kana kwamba ni suala la hospitali tu. Mwongozo rasmi wa serikali wa mwaka 2015 unasema kwa kawaida iwekwe kwenye F, kwa kuwa kuzungumza na kuelewa lugha ni msingi wa kujifunza. Ikiwa kwenye F, wajibu ni wa kaunsili. Ikiwa kwenye G, unaelekezwa kwa watu wa afya.

Nani anaomba, na anaandika nini

Mzazi anaweza kuomba mwenyewe. Huhitaji ruhusa ya mwalimu mkuu wala ya SENCO, ingawa ni vizuri kuwaarifu, maana kaunsili itawauliza. Kijana akishamaliza umri wa shule ya lazima, haki ya kuomba na kukata rufaa inakuwa yake mwenyewe.

Unachoomba kwanza ni tathmini, na mpango huja baadaye kama tathmini itaonyesha unahitajika. Kipimo cha kisheria cha kukubaliwa tathmini kiko chini kuliko wengi wanavyodhani: je, mtoto ana, au huenda ana, mahitaji maalumu ya kielimu, na je, huenda ikawa lazima asaidiwe kupitia EHCP? Zingatia hilo neno "huenda". Huambiwi uthibitishe. Ukisikia kwamba lazima kwanza shule iwe imetumia pauni 6,000, au mtoto awe nyuma kwa miaka miwili, au majibu ya kliniki ya usonji yawe yametoka, jua kwamba hizo ni taratibu za watu. Katika kipimo cha sheria hazimo.

Barua yenyewe si lazima iwe ndefu. Iandikwe kwa Kiingereza, itaje jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na shule, na iseme wazi kwamba unaomba tathmini chini ya Kifungu cha 36 cha Sheria ya Watoto na Familia ya 2014. Kisha eleza maisha yalivyo. Usiandike "mtoto wangu anapata shida shuleni". Andika kwamba Jumatatu alijificha chini ya meza wakati wa somo la kusoma, kwamba anahitaji kuonyeshwa jinsi ya kufunga vifungo vya sare kila asubuhi akiwa na miaka tisa, kwamba mwezi huu umeitwa mara kadhaa umchukue kabla ya chakula cha mchana. Ambatisha barua za shule, za daktari na za wauguzi wa afya ya mtoto ulizonazo. Tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki.

Kuanzia siku kaunsili ilipopokea ombi, saa inakimbia. Ndani ya wiki 6 iseme kama itafanya tathmini au la. Ikikubali, inakusanya ushauri kutoka kwako, shuleni, kwa watu wa afya, kwa mwanasaikolojia wa elimu na kwa idara ya huduma za jamii. Ikiona mpango hauhitajiki, ikuarifu ndani ya wiki 16. Kama mpango upo, ule wa mwisho utoke ndani ya wiki 20. Huo ndio utaratibu wa kisheria. Hali halisi ni ngumu zaidi: mwaka 2024, chini ya nusu ya mipango mipya ilitoka kwa wakati, na kikwazo kimojawapo kikubwa ni uhaba wa wanasaikolojia wa elimu. Uhaba huo ni wa kweli na walimu wengi wanaumia nao pia. Hata hivyo, hauondoi haki ya mtoto, kwa hiyo wiki ya 20 ikipita andika kuuliza, na uandike tena.

"Kiingereza chake bado"

Hili linawagusa Waswahili kuliko wengine, na nataka tukae nalo kidogo. Mtoto aliyefika kutoka Mombasa, Bukavu au Unguja akiwa na miaka mitano, au aliyezaliwa hapahapa lakini akakuzwa kwa Kiswahili, akichelewa kuzungumza au kusoma, jibu la haraka shuleni ni kwamba Kiingereza chake bado, tumpe muda. Mara nyingine jibu hilo ni sahihi kabisa. Sheria yenyewe inasema mtoto hahesabiwi kuwa na ugumu wa kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani si ile ya darasani.

Maneno "kwa sababu tu" ndiyo ya kuyashikilia. Hayasemi kwamba mtoto wa lugha mbili hawezi kuwa na mahitaji maalumu. Mtoto anaweza kuwa anajifunza Kiingereza na papo hapo ana usonji, au ana tatizo la kuelewa lugha yoyote ile. Wataalamu wa usemi wana alama moja wanayoitafuta: tatizo la kweli la lugha huonekana katika lugha zote mbili. Mtoto ambaye shida yake ni Kiingereza pekee, nyumbani anaongea Kiswahili kama wenzake.

Na hapo ni wewe unayejua, kuliko mwalimu yeyote. Mwambie kwa Kiswahili, bila kuonyesha kwa kidole: "Nenda chumbani, niletee soksi, halafu ufunge mlango." Je, analeta soksi na kuusahau mlango kila mara? Anasimama katikati ya ukumbi akikutazama? Anapokusimulia kilichotokea kwa bibi, unaelewa nani alimfanyia nani nini, au unalazimika kukisia? Mdogo wake amempita kwa maneno? Andika hayo kwenye barua yako, ukisema wazi kwamba yanatokea kwa Kiswahili. Sentensi hiyo moja huondoa ule udhuru wa "tumpe muda". Omba pia mtaalamu ampime mtoto kwa lugha zote mbili akiwa na mkalimani.

Kuna wazazi walioambiwa waache kabisa kuzungumza Kiswahili na mtoto ili asichanganyikiwe. Ushauri huo ni mbaya. Kukuzwa kwa lugha mbili hakuleti ugonjwa wa usemi wala usonji, na mtoto anayenyimwa lugha ambayo mama yake anaimudu vizuri anapoteza maongezi, hadithi na utani wa nyumbani, wakati ndivyo vitu anavyovihitaji zaidi ya mwingine yeyote.

Hofu za mlangoni

Wazazi wengi hawaombi kwa sababu ya hofu, na si haki kuzicheka hofu hizo. Ni kweli kwamba katika tathmini kaunsili huiuliza idara ya huduma za jamii kama ina taarifa zozote. Ni swali linaloulizwa kwa kila mtoto anayefanyiwa tathmini, na lengo ni kujua kama familia inahitaji msaada. Kuomba EHCP hakuchukuliwi kama kosa la malezi.

Hofu ya pili ni ya viza. Wenye masharti ya kutotumia fedha za umma huogopa kwamba EHCP itawaharibia karatasi. Elimu ya serikali haimo kwenye orodha ya fedha za umma katika kanuni za uhamiaji, na EHCP ni elimu. Kinachoweza kuleta matatizo ni posho ya ulemavu ya mtoto, ile DLA, na posho ya mlezi, ambazo ni fedha za umma. Hizo ni maombi tofauti yanayokwenda ofisi tofauti. Mwenye viza yenye masharti aulize mshauri wa uhamiaji kabla ya kuomba posho, lakini asimnyime mtoto tathmini. Na kwa yule aliyedhani EHCP ni pesa mkononi: hapana, ni msaada unaopelekwa pale mtoto anaposoma.

Hofu ya tatu ni jina. Watu watasema nini, mtoto wa fulani yuko kwenye "special". Mpango ni siri kisheria, haugawiwi ovyo na hauandikwi kwenye cheti cha mtihani. Wala hauna maana kwamba atahamishiwa shule maalumu. Watoto wengi wenye EHCP wanasoma shule za kawaida, na mzazi ana haki ya kutaja shule anayoitaka, iwe ya kawaida au maalumu. Kaunsili inaweza kuikataa kwa sababu zilizoandikwa kwenye sheria tu, na shule ya serikali ikishatajwa kwenye Sehemu I lazima impokee mtoto.

Wakikataa, na wasipotekeleza

Barua ya kukataa inaumiza, hasa ikiwa imejaa maneno ya upole. Isome ukitafuta tarehe. Una miezi miwili tangu tarehe ya barua hiyo, au mwezi mmoja tangu upate cheti cha usuluhishi, kutegemea ipi inakuja mwisho, kukata rufaa kwenye baraza liitwalo SEND Tribunal. Cheti hicho unakipata kwa kumpigia mshauri wa usuluhishi ambaye namba yake iko kwenye barua. Si lazima ukubali kukaa usuluhishini, na kama unapinga Sehemu I pekee hukihitaji. Rufaa haina ada. Wakili si lazima. Mkalimani unamwomba kwenye fomu.

Katika miaka ya karibuni, zaidi ya asilimia 95 ya rufaa zilizofikia uamuzi zimempa mzazi ushindi, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Nyingine nyingi hukubaliwa na kaunsili hata kabla ya siku ya kusikilizwa. Nikiiangalia takwimu hii ninapata hasira, kwa sababu ina maana kwamba watoto wengi walikataliwa kitu ambacho ni haki yao, na walioshinda ni wale ambao wazazi wao walijua pa kwenda. Kila eneo la England lina huduma ya bure ya ushauri kwa wazazi iitwayo SENDIASS, na shirika la hisani la IPSEA lina barua za mfano unazoweza kunakili kama zilivyo.

Mpango ukishatoka, hupitiwa angalau mara moja kila miezi 12. Nenda kwenye kikao hicho na nakala yako ya Sehemu F na uulize mstari kwa mstari: hizi dakika 45 zilitolewa wiki zipi? Nani alizitoa? Kama hazikutolewa, usiishie kulalamika kwa mwalimu, maana mara nyingi hata yeye amekwama. Iandikie kaunsili, taja Kifungu cha 42, taja tarehe ambazo msaada haukutolewa, na uwape muda wa kujibu. Wasipojibu ipasavyo, lalamika rasmi kwa kaunsili, kisha kwa mchunguzi wa malalamiko dhidi ya serikali za mitaa, anayeitwa Local Government and Social Care Ombudsman, ambaye naye hatozi chochote na anaweza kupendekeza familia ilipwe fidia kwa msaada uliokosekana.

Mnapohamia mji mwingine ndani ya England, mpango unahama nanyi. Kaunsili mpya inaurithi pamoja na wajibu wa kutekeleza Sehemu F, hata kama itataka kuupitia upya baadaye. Wajulishe ile ya zamani na ile mpya kwa maandishi kabla ya kufunga mizigo. Serikali imekuwa ikizungumzia mageuzi ya mfumo huu wote, na mwaka 2025 iliahirisha waraka wake wa mapendekezo hadi 2026, ndiyo maana habari zinazosambaa zinawachanganya watu. Mapendekezo si sheria. Mtoto mwenye EHCP iliyotolewa chini ya sheria ya 2014 ataendelea kuidai kaunsili yake kila kilichoandikwa kwenye F mpaka Bunge litakapoibadilisha sheria hiyo.